Gari la Machi Litafutwe Desemba

Siku ya kliniki utawaona: mama kashika kadi, baba kasimama nje akisubiri kuitwa. Anaingia, wanapima VVU, jina lake linaandikwa, anarudi shambani, na kijiji kinasema ameshiriki. Aliyekuja bila mume anaambiwa akalete barua ya mwenyekiti wa kijiji, siku imekwisha hivyo. Hilo linaniudhi sana. Mjamzito hapaswi kunyimwa huduma eti mwanamume hayupo.

Kupima pamoja kuna maana, sikatai, hasa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, ambako Njombe na Iringa zimekaa juu miaka mingi kwa maambukizi. Lakini hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Kazi kubwa ya baba ni safari ya kwenda kujifungua.

Chukua kadi ya mkeo usome tarehe ya makisio ya kujifungua. Au hesabu mwenyewe: siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3. Hedhi ya 10 Juni inakupa 17 Machi, na mtoto anaweza kuja wakati wowote kuanzia wiki tatu kabla hadi wiki mbili baada ya hapo. Wa Umalila, Makete na Ludewa wanaijua Machi: utelezi, gari linakwama kilimani, na mfukoni hakuna kitu kwa sababu mbolea imeshameza hela yote. Ndiyo maana gari la Machi litafutwe Desemba.

Na safari ni mbili. Ya kwanza ni nyumbani hadi zahanati. Uchungu ukiwa mchanga, bodaboda inaweza kufaa. Ya pili ni zahanati hadi hospitali, maana zahanati haipasui wala haiongezi damu. Hapo ndipo tunapopoteza watu. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa 2, na hawezi kukaa kwenye pikipiki, anatakiwa alale. Ukianza saa hiyo kuulizia nani ana Noah na mafuta yanapatikana wapi, umeshachelewa. Zungumza na madereva wawili, kwa kuwa mmoja anaweza kuwa mjini siku hiyo. Uliza kama ana minyororo ya matairi. Patana bei ya usiku. Hifadhi kwenye simu namba 115 ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, kupiga ni bure, na ujue kabisa ni wapi pale kijijini mtandao unashika. Kama mkeo alishawahi kupasuliwa, mhamishie kwa ndugu karibu na hospitali wiki tatu kabla.

Damu nayo: tafuta ndugu wawili wenye kilo 50 na kuendelea wakachangie. Kundi lao la damu si lazima lifanane na la mkeo. Vidonge vya kuongeza damu asivimeze na chai, chai inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Kanga, pamba na beseni mama atakuwa ameshapanga.

Uza gunia la viazi mapema, hela ikae kwenye simu ya mama. Wewe unaweza kuwa Mufindi kwenye mbao siku uchungu unapoanza, na wapo wanaokaa ndani hadi alfajiri wakingoja neno la mume. Basi neno hilo litoe leo, mama yako mzazi akisikia: "Uchungu ukianza sipo, ondokeni. Msinisubiri."