Ua la Mama Mkwe

Kabla hamjaendelea kusambaza ile video ya kichwa changu ndani ya treni, sikieni kwa mwenye kichwa. Sijachora tatuu. Sijajiunga na dhehebu lolote. Jamaa anayewaambia hivyo hakuwa ndani ya lile behewa, alitumiwa tu akaongeza chumvi.

Mombasa yenyewe ilikwenda vizuri. Tulimpeleka mama mkwe akaone bahari kabla watoto hawajarudi shule. Fort Jesus aliuliza maswali mpaka mwongozaji akatokwa jasho. Aliambiwa Wareno walianza kuijenga 1593, kisha Waomani wakaja kuizingira kuanzia 1696 hadi 1698. Yeye alichotaka kujua ni nani alikuwa anapika humo ndani muda wote huo. Aliposikia Waingereza waliigeuza jela, akanitazama mimi. Sijui kwa nini.

Siku ya kurudi tukiwa Mji wa Kale, mke wangu akasema haondoki bila hina. Mama akakataa katakata, yeye ni mtu wa kanisa. Alipoona mkono wa binti yake umependeza, akanyoosha wake. Akachorwa ua kubwa katikati ya kiganja, majani yakipanda hadi vidoleni. Akapewa na pamba yenye ndimu na sukari, awe anaigusagusa hina isikauke upesi, ndiyo ikolee. Kwenye tuktuk hadi stesheni ya treni ya Miritini mkono ulikuwa juu kama anaapishwa.

Mnaopanda treni ya saa tisa daraja la kawaida mnavijua vile viti. Mgongo wima, magoti yako na ya mgeni yamekutana. Mama alikaa dirishani, mimi katikati, na baina yetu nikasimamisha begi la achari na kachiri. Huo ulikuwa mpaka wa heshima. Mkwe ni mkwe.

Tulipita Mariakani, usingizi ukanibeba. Kwa maelezo ya mashahidi, kipara changu (mnakijua, msijifanye) kilianza kuinama upande wa dirisha, kikarudi, kikainama tena, hatimaye kikatua juu ya begi. Na juu ya begi kulikuwa na kiganja cha mama, kimelazwa chali, kibichi.

Kwanza nilihisi ubaridi. Nikadhani ni kiyoyozi. Halafu harufu ya majani mabichi na ndimu. Halafu nikagundua mto una vidole. Kimoja kikacheza.

Nikafungua jicho moja. Mbele yangu mzee mwenye kofia alikuwa anatafuna mahamri polepole, hajapepesa. Kitinda mimba wangu ameshika simu ya mamake kwa mikono miwili, anarekodi. Nikainua macho kidogo, nikakutana na macho ya mama mkwe. Karibu mno.

"Lala tu, baba," akasema. "Umelipa pesa nyingi."

Wadau, mtu anaamkaje kutoka kwenye kiganja cha mama mkwe? Ukikurupuka, umemdharau. Ukikawia, umezoea. Nikaamua kuinuka taratibu, na sukari ile ikashika. Ngozi ya kichwa ikavutika. Kikasikika kitu kama busu. Mama akageuza kiganja akakitazama: majani yapo, katikati pamebaki kivuli cha rangi ya chungwa. Akatazama kichwa changu. Akatazama kiganja. Mzee wa mahamri akasema, "Mashallah, limetoka lote."

Mke wangu alicheka mpaka Voi, na Voi akapata nguvu mpya.

Choo cha treni, sabuni, tishu, wapi. Tulipofika Nairobi ua kichwani mwangu lilikuwa la chungwa hafifu, nikajipa moyo. Kumbe hina huiva baadaye. Jumatatu kwenye kikao lilikuwa kahawia iliyokomaa, petali zote zinahesabika, na mkubwa wangu akaniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna amani. Nimejaribu ndimu. Nimejaribu mafuta ya nazi, sasa linang'aa.

Mama hana habari na aibu yangu. Anapiga simu kila asubuhi kuuliza limeiva kiasi gani. Jumamosi wenzake wa chama wanakuja kuona hina ya Mombasa, na kwa kuwa yeye ana majani tu, ameagiza nifike mapema nikae karibu naye. Nauli atatuma.