Kitabu Kikiwekewa Geti Kali

Mama yangu alisoma riwaya ya Rosa Mistika akiwa kidato cha pili, kitabu kimevalishwa karatasi ya kaki kama daftari la hesabu, wanapokezana bwenini, usiku mmoja kwa kila msichana, tochi chini ya shuka, na kabla ya kengele ya asubuhi kiwe kimeshahamia kwa mwingine. Enzi hizo kilikuwa hakiruhusiwi darasani. Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, alikitoa 1971 akaandika kitu ambacho kila mtu anakijua ila hakisemwi mbele ya watu, mabinti wa shule na wanaume wazima wanaowaharibia maisha, wakiwemo walimu. Wakubwa wakasema hapana, watoto wasisome.

Kinachonikaa mimi kwenye stori ya mama ni kucheka. Anasema walikuwa wanang'ata mito ili matroni asisikie, maana Zakaria, baba yake Rosa, akishalewa ni kituko, na kila mmoja kijijini kwao anamjua Zakaria wake. Halafu unafika pale anapompiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana anayeitwa Charles, na kicheko kinakatika. Mama anasema bweni zima lilikuwa kimya, hakuna aliyetaka kuongea.

Ilipofika zamu yangu, miaka ya tisini, kitabu hicho hicho mwalimu anaingia nacho mchana kweupe, tunachambua dhamira, tunachambua wahusika, tunatungiwa maswali. Rosa ni yule yule na Zakaria ni yule yule. Sasa hivi nauliza, wale mabinti wa kabla yangu waliokatazwa, walikingwa na nini hasa? Wanaume wa aina ile walikuwepo mtaani, walikuwepo shuleni, hawakupigwa marufuku. Kilichoondolewa ni kitabu kilichokuwa kinawaonya.

Na ukikisoma vizuri utaona kinachouma zaidi. Rosa alilelewa geti kali, hakuachwa azoee kuongea na mvulana wala kujua dunia ikoje, ndo maana alipotoka kwao akaenda shule ya bweni akawa hana ngao yoyote. Yaani kitabu kizima kinapiga kelele kwamba kumfungia mtoto sio kumlea, na sisi tukaenda kukifungia hicho hicho kitabu.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya mpwa wangu. Februari 2023 Wizara ya Elimu hapa Tanzania, kupitia Waziri Profesa Adolf Mkenda, ilipiga marufuku vitabu 16 visitumike shuleni, sababu ni kwamba vinakwenda kinyume na mila, desturi na maadili yetu. Ndani ya orodha kukawa na Diary of a Wimpy Kid za yule Mmarekani Jeff Kinney, na huyu mtoto anazipenda kuliko chapati.

Nisieleweke vibaya. Kwenye orodha ile kulikuwa na vitabu vinavyoongelea mambo ya ngono, na mzazi anayetaka kujua mtoto wake wa miaka tisa anapewa nini shuleni ana haki kabisa, hata mimi nataka kujua. Umri ni ishu ya kweli. Ila tunatajiwa jina la kitabu na neno maadili, basi, mjadala umefungwa. Mimi naomba nitajiwe ukurasa. Niambiwe nani alikisoma chote, sentensi ipi ilimkera, mtoto wa umri gani anaogopewa, na kitarudiwa kusomwa lini, kwa sababu ya Rosa Mistika tumeshaona kwamba kilichoitwa sumu jana kinaweza kuwa mtihani wa kesho.

Kwa hiyo nikakaa na hicho Diary of a Wimpy Kid, kile cha kwanza cha 2007, nikakisoma mwanzo mwisho. Huyu Greg, mhusika mkuu, ni mvivu, mbinafsi, anajiona bonge la mtu, na anamtumia rafiki yake Rowley vibaya. Ndiyo, tabia mbaya tele. Lakini mtoto anamcheka! Anamcheka kwa sababu anaona kabisa kwamba Greg kakosea na Greg mwenyewe haoni, na mtoto akishaweza kuona hivyo ujue kichwa chake kinapima mema na mabaya peke yake bila kuchapwa fimbo.

Jumapili moja tukamsomea bibi yake, huyo huyo mama yangu wa karatasi ya kaki. Mtoto anasoma Kiingereza, mimi natafsiri. Tukafika kwenye lile jibini lililooza pale uwanja wa mpira wa kikapu, ambalo ukiligusa tu shule nzima inakukimbia hadi umuambukize mwingine, na mwishoni Rowley analazimishwa na vijana wakubwa alile, halafu Greg, huyo huyo mbinafsi, anawaambia wenzake kwamba yeye ndiye aliyelitupa, ili aibu imkae yeye na sio rafiki yake. Mama alicheka mpaka akavua miwani akafuta machozi na ncha ya kanga.

Kisha akauliza, "Sasa hapo walichokataza ni kipi?"

"Sijui, Bibi," mtoto akasema, na akaanza kurudisha kurasa nyuma, moja moja, anatafuta.