Maelezo Yangu kwa Tawi Kuhusu Ile Bukta

Najua mmeshaiona ile picha yangu ya maporomokoni. Aliyeirusha ni rafiki yangu ambaye tangu juzi jioni kundi zima la tawi letu la mashabiki wa Simba linamwita Shahidi, na mimi nitamwita hivyo hivyo, maana jina lake halisi nikiliandika litatoka na tusi pembeni. Kairusha bila neno, na vikatuni vitatu tu vya kucheka mpaka machozi. Leo asubuhi nimekwenda Mbuyuni kununua nyanya, mama wa watu ambaye sijawahi hata kumsalimia kanipimia, kanifungia, halafu akaniuliza taratibu, "Dada, umehama lini?"

Sijahama. Katibu wa tawi kataka maelezo kwa maandishi, haya hapa, na wengine wote mnaruhusiwa kusoma kwa sababu hakuna siri iliyobaki.

Mnaonijua mnajua mimi ni Simba wa namna gani. Nilishawahi kususa ubwabwa wa arusi kwa sababu MC alikuwa na tai ya kijani, rangi ya watani wetu Yanga. Lakini nyumba haikosi msiba: mdogo wangu wa kiume, tumbo moja, ziwa moja, ni Yanga. Hatujui wazazi walikosea wapi. Tunaishi naye kwa amani, ila wiki ya mechi ya watani kila mtu anajifungia chumbani kwake na redio yake. Mshikeni huyo mdogo wangu kichwani, mtamhitaji.

Ijumaa usiku Shahidi kanipigia. "Shoga, kesho Materuni. Tukapige picha." Kwa nyie wa mbali, Materuni ni kijiji cha Uru, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, kama kilomita 15 kutoka Moshi mjini. Kuna maporomoko pale yanashuka kama mita 80. Wazungu wanavuka bahari kuja kuyaona. Mimi ninayeanika nguo mlima ukinitazama nilikuwa sijafika hata siku moja, na nilikuwa naogopa kusema, maana kila mgeni wa Dar akija Moshi anaanza na "Materuni pakoje?" nami najibu "pazuri, ila pana baridi." Hilo la baridi nilibahatisha. Nisameheni wote niliowadanganya, kumbe nilikuwa nasema kweli.

Usiku ule sikulala, nasomea picha. Nikajifunza kwamba ukitaka maji yaonekane kama hariri inabidi simu ikae kwenye kistendi isitikisike, na jicho la kamera likae wazi muda mrefu, hata nusu sekunde. Ila mtu akiwa kwenye picha asipumue, la sivyo anatoka kama jini. Mimi nilitaka dera langu jekundu lipepee, lile la sikukuu, yadi kibao. Nguo inayopepea haitaki hariri, inataka kukamatwa hewani, jicho lifunguke na kufumba haraka, tena ufyatue mfululizo upate picha hata 50, uje uchague moja. Kwa hiyo asubuhi, kabla hatujapanda bodaboda, nilimfundisha Shahidi kama mwalimu wa veta: "Ukibonyeza, usiachie. Hata nifanyeje, usiachie."

Hayo maneno ni yangu. Siwezi kuyakana, alinirekodi.

Begi langu lilikuwa limeharibika zipu, nikachukua la mdogo wangu. Sikukagua ndani. Nani anakagua begi la mdogo wake saa kumi na mbili asubuhi, umeme hakuna?

Kule juu tukapewa kijana wa kutuongoza, mpole, anajua kila mti. Kutoka getini ni mwendo kama wa dakika 45, migomba kulia, mibuni kushoto, kahawa imejificha kwenye kivuli cha ndizi. Kaanza kutueleza habari za zao hilo, na jinsi wakulima wa mkoa huu walivyounda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Nikadakia, "Yaani ushirika wa kahawa una miaka 2 zaidi ya Yanga! Na bado hawajifunzi kushirikiana." Tukacheka. Nilikuwa nimeanza siku vizuri sana, na naweka hili hapa ili Katibu ajue msimamo wangu ulikuwaje mpaka saa nne kasoro.

Halafu tukafika kwenye mfereji. Wachaga wamechimba mifereji tangu enzi za mababu, wanayateremsha maji ya mlimani kijiji kwa kijiji mpaka kila kihamba, yaani shamba la nyumbani, kinakunywa. Kijana anaeleza jinsi walivyokuwa wakigawana zamu, mimi namtazama mdomoni kwa heshima zote, nikamaliza njia. Mguu mzima mferejini. Taiti yangu nyeusi ikalowa mpaka mapajani, na tope juu yake kama nimepakwa mtori.

Sasa baridi ya Uru ikiingia kwenye taiti iliyolowa, jamani, meno yanacheza ngoma bila wewe kuyaomba. Nikaingia nyuma ya migomba, nikaivua. Nikafungua begi nitafute chochote cha kujistiri. Kulikuwa na soksi moja, kandambili moja (sijui ya pili iko wapi hadi leo), na chini kabisa, imekunjwa vizuri kama noti, bukta. Ya kijani. Ina mstari wa njano ubavuni. Na pale kwenye paja ina ile nembo ambayo mdomo wangu hautaitamka.

Nilisimama nayo mkononi kama dakika nzima. Nilifikiria kwenda hivi hivi, dera na Mungu wangu. Upepo mdogo ukapita kwenye migomba, ukanijibu. Nikaivaa. Nikajiambia: dera linafika chini, nani ataona?

Katibu, andika hapo kwamba nilitetemeka.

Maporomoko yenyewe unayasikia kabla hujayaona. Halafu kona moja, basi. Ukuta wa jiwe jeusi, majani yamening'inia, maji yanatoka juu kabisa kama mtu anamwaga unga kwenye ungo usioisha. Nilisahau bukta. Nilisahau hata Ligi Kuu. Kulikuwa na wageni wachache, na kikundi cha vijana kama kumi hivi wa Moshi mjini waliokuja kula sikukuu ya kuzaliwa ya mwenzao. Shahidi kafuta kioo cha simu kwa kanga mara tatu, manyunyu yanakijaza tena. Nikachagua jiwe langu, bapa, liko pembeni ya dimbwi, nikapanda.

Kuna kitu kimoja sikusoma usiku ule. Maji yakidondoka kutoka juu namna ile yanaburuta hewa, na hewa hiyo ikifika chini haina pa kwenda, inasambaa pande zote kwa hasira. Kwa hiyo pale chini kuna upepo wake wenyewe, hautoki mlimani wala baharini, unatoka kwenye maporomoko. Na unapigia chini. Usawa wa magoti.

Zile picha ziko 47. Nimezipitia zote jana usiku, peke yangu, mlango nimefunga.

Ya kwanza mpaka ya 6 mimi ni malkia. Mikono nimeitandaza, kidevu juu, dera linapepea kushoto kistaarabu. Ningeishia pale leo mngekuwa mnaniandikia "umetisha".

Ya 9, dera limeanza kuvimba. Mimi bado natabasamu, nadhani ndilo nililolifuata.

Ya 13, dera ni puto. Magoti yanaonekana. Tabasamu liko pale pale ila macho yameshapata habari.

Ya 15. Nawaomba mwende taratibu kwenye ya 15, kama nilivyoenda mimi. Pindo la mbele linapita usawa wa tumbo. Mikono yangu bado imetandazwa, kwa sababu mikono huwa inachelewa kuelewa. Na katikati ya picha, ikiwa imeng'arishwa na jua lote la Kilimanjaro, kavu, safi, imepigwa pasi na mama yetu mwenyewe, ni bukta.

Ya 18, dera lote liko kichwani. Kuanzia kiunoni kwenda juu mimi ni boga jekundu lisilo na uso. Kuanzia kiunoni kwenda chini ni beki wa kushoto wa Yanga.

Ndani ya lile boga nilikuwa nimezibwa macho, nakula kitambaa, nasikia kelele za maji tu. Halafu juu ya kelele za maji nikasikia sauti moja, ya kijana mmoja kati ya wale kumi, imejaa furaha ya mtu aliyekutana na ndugu ugenini: "WANANCHIIII!"

Hilo ndilo jina wanaloitana Yanga. Wenzake wakaitikia. Wote. Mimi napigana na dera kulishusha mbele, linapanda nyuma. Nalishusha nyuma, linapanda mbele. Nikaona nirudi hatua moja nitoke kwenye upepo. Wale vijana wakaona ninavyorudi nyuma kuelekea kwenye utelezi, wakaanza kunipigia kelele, na naapa kwamba walikuwa wananionya kwa nia njema kabisa, ila waliyopiga ni haya:

"Dada! Nyuma mwiko! Nyuma mwiko!"

Wasiofuata mpira: "Daima mbele, nyuma mwiko" ndiyo kauli mbiu ya Yanga. Mimi mwana Simba, nimefunikwa kichwa kwa wekundu wangu mwenyewe, naambiwa na Yanga kumi nisirudi nyuma. Mngefanyaje? Nilirudi nyuma. Makusudi. Kwa msimamo.

Jiwe lile nyuma lina ute wa kijani kama bamia. Ya 29, mguu wa kulia umeshaondoka. Ya 31 nimekaa hewani, kabisa, kama mtu aliyevutiwa kiti kanisani. Ya 34 makalio yamegusa jiwe na safari imeanza. Ya 36 ni nyayo mbili tu.

Maji yale yana baridi ambayo haina jina la Kiswahili. Kina kilikuwa cha kiunoni, nimekuja kujua baadaye. Wakati ule nilikuwa chini kabisa nafanya toba. Niliposimama bukta imejaa maji, imevimba kila upande, nembo imekuwa kubwa mara mbili. Na Shahidi, mwanafunzi wangu hodari, bado kashikilia kitufe. "Umesema nisiachie!"

Yaliyobaki hayana maana. Yule mwongozaji kanitoa. Vijana walinipigia makofi na kunikatia keki, nikala, ilikuwa tamu. Chini kijijini bibi mmoja kanifunga kanga yake kavu, kanisogeza kwenye moto wanapokaanga kahawa, nikamwambia "aika", asante ya Kichaga, nikanywa vikombe vitatu nikiwa nimegeukia ukutani wakati wageni wanaimba na kutwanga kinu. Hapo ndipo Shahidi aliniuliza maandishi ya kanga ile nimeyasoma. Sikuwa nimeyasoma. Yalikuwa yamenikaa palepale kwenye makalio: "Usisafirie nyota ya mwenzio."

Mdogo wangu hajataka bukta irudishwe. Kasema imeshamuwakilisha vizuri kuliko yeye. Tawi limenitoza kreti moja ya soda, nimelipa nusu, nusu nakata rufaa.

Na nyie mnaouliza kama katika 47 hakuna hata moja iliyotoka vizuri: ipo. Ya 38. Maji yamesimama hewani tone kwa tone, majani yanang'aa, ukuta wote unaonekana kuanzia juu mpaka chini, hakuna kichwa cha mtu kinachoziba. Mimi wakati huo niko chini ya maji. Hiyo ndiyo niliyoweka kwenye wasifu wangu.