Dawa Isiyosaidia Nayo Ni Habari

Simama nusu saa kwenye duka la dawa lolote hapa Dodoma, kati ya Majengo na Chang'ombe, hasa mvua zikishaanza Desemba, utasikia ombi lilelile: "Naomba Flagyl na sipro, tumbo limevurugika." Zote mbili ni antibayotiki, dawa za kuua bakteria. Muuzaji haulizi limeanza lini. Haulizi kama kuna damu. Anachukua mkasi, anakata vidonge sita kwenye karatasi yake, anaandika 1×3 kwenye kibahasha, na mteja akisema hela haitoshi, anakata vitatu.

Sina ugomvi na muuzaji. Yuko kazini, na mteja amekuja na jibu lake mkononi. Kinachoniudhi ni jinsi matokeo ya utafiti yanavyosafiri. Dawa ikionekana inatibu, habari zinafika mpaka Kibaigwa kwenye soko la mahindi. Ikionekana haiongezi kitu, habari zinaishia kwenye jarida la madaktari, tena kwa Kiingereza, na sisi huku tunaendelea kununua.

Mfano ninaoupenda ni utafiti wa ABCD, uliohusu antibayotiki kwa watoto wanaoharisha. Ulifanyika katika nchi saba, Tanzania ikiwemo, na matokeo makuu yakatoka mwaka 2021. Waliandikishwa watoto zaidi ya 8,200 wa kati ya miezi 2 na 23, wote wanaharisha majimaji, na juu ya hapo wameishiwa maji mwilini au wana utapiamlo. Hao si watoto wa kuharisha mara mbili wakapona. Ni wale ambao ukiwaona unasema huyu apewe kitu cha ziada. Nusu walipewa azithromaisini kwa siku tatu (madukani wengi wanaiita Azuma), nusu wakapewa kitu kinachofanana nayo lakini hakina dawa ndani. Mama hakujua mtoto wake kapata ipi, wala muuguzi hakujua. Kisha wakafuatiliwa kwa siku 180.

Waliofariki upande wa dawa ni 20, upande wa pili 28, na kila upande una watoto elfu nne na ushee. Mtu wa haraka ataona nane wameokolewa. Lakini kwa idadi kubwa kiasi hicho, tofauti ya namna hiyo inaweza kutokea hata kwa bahati tu, na uandikishaji ukasimamishwa kabla ya kufika idadi iliyokusudiwa kwa sababu dalili za dawa kuleta tofauti ya maana hazikuwepo. Watoto wa pande zote mbili walitibiwa kwa ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) na zinki, na kwa maoni yangu hapo ndipo pa kutazama: hata kundi ambalo halikupata antibayotiki, vifo havikufika hata mtoto mmoja kwa kila mia. Kuhara damu na kipindupindu ni habari nyingine, huko antibayotiki zina kazi yake, na watoto wa aina hiyo hawakuingizwa kwenye utafiti huu. Ndiyo maana lile swali la damu ambalo muuzaji haulizi ni swali la maana kuliko yote.

Zinki nayo imeguswa. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa kuanzia miezi sita apewe miligramu 20 kwa siku 10 hadi 14. Mwaka 2020 ukatoka utafiti wa watoto 4,500 wa India na Tanzania uliolinganisha miligramu 20, 10 na 5. Dozi ndogo zilifanya kazi vizuri kama ile kubwa, na waliozinywa hawakutapika sana kama wa dozi kubwa. Mzazi aliyewahi kumpa mtoto zinki ikarudi yote kwenye kanga anajua kwa nini dozi haimalizwi.

Sasa tuje kwa wakubwa, kwenye vidonda vya tumbo. Hapa Dodoma ukilalamika kiungulia utaambiwa ni mawazo, au pilipili, au unashinda njaa. Nobel ya tiba ya mwaka 2005 walipewa Waaustralia Robin Warren na Barry Marshall kwa kuonyesha kwamba nyuma ya vidonda vingi kuna bakteria, Helicobacter pylori. Tiba iliyozoeleka ni dawa ya kupunguza asidi pamoja na antibayotiki mbili, mara nyingi amoksilini na klarithromaisini. Shida ni usugu, yaani bakteria kuzoea dawa isiwaue tena. Wataalamu wanasema mahali ambapo usugu wa klarithromaisini umezidi asilimia 15, mchanganyiko huo usitolewe kwa kukisia. Namba ya usugu wetu lazima itafutwe kwa watu wa hapahapa, wa Bahi na Chamwino na Kongwa. Ya kuazima kutoka Ulaya haitufai.

Chuo Kikuu cha Dodoma kina wanafunzi wa udaktari, na Hospitali ya Benjamin Mkapa iko palepale. Kinachokwamisha utafiti huo ni mgonjwa mwenyewe anavyofika. Kipimo cha choo au cha pumzi kinataka uwe hujatumia omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi) kwa wiki mbili na antibayotiki kwa wiki nne. Nitafutie mtu wa hapa mwenye tumbo bovu ambaye hajameza kimojawapo mwezi huu! Anafika hospitali kubwa bakteria wamepunguzwa makali, kipimo kinasema hakuna kitu, anarudi nyumbani na tumbo lake lilelile. Kwa hiyo utafiti wa matumbo unaoanzia hospitali ya rufaa unaanza umechelewa. Uanzie zahanati na maduka ya dawa muhimu, ambako mgonjwa anafika siku ya kwanza.

Najua jibu la mtaani: "Wanataka kutufanyia majaribio kama panya." Hofu hiyo siidharau, mtu ana haki ya kuuliza anamezeshwa nini, na fomu ya ridhaa ipo kwa ajili hiyo, pamoja na ruhusa ya kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu. Ila majaribio tunafanyiwa kila siku pale kaunta, vidonge vitatu kwa hela iliyopo, na hakuna anayeandika nani kapona na nani karudi.

Kwa hiyo watafiti wakija zahanati ya mtaani kwetu na fomu zao, mimi nitasaini. Nitakalowauliza kabla ya kushika kalamu ni kama matokeo, hata yakiwa ya dawa isiyosaidia, yatabandikwa kwa Kiswahili kwenye maduka ya dawa, pale juu karibu na leseni.