Msisubiri Joho

Muulize mzazi mwenye mtoto anayesoma ng'ambo atakwenda lini kumwona, na jibu utakalopewa ni moja: "Kwenye mahafali, Mungu akipenda." Pesa zinawekwa kidogo kidogo, baba anashonesha suti, mama anatafuta kitenge cha siku hiyo, shangazi naye anaomba asiachwe. Miaka mitatu au minne mtoto anakuwa sauti ya WhatsApp, kisha familia inatua, inapiga picha mbele ya jengo la chuo, inarudi nyumbani. Mimi naona tunafika shughuli ikiwa imeshaisha. Mzazi aende katikati ya masomo, wiki ya kawaida, mtoto akiwa na vipindi, akiwa na kibarua chake, akiwa amechoka.

Binti yangu anasoma shahada ya uzamili ya mambo ya maji huko Dresden, mashariki mwa Ujerumani. Nilimfuata Novemba, mihadhara ikiwa imepamba moto. Hapa Tanga watu walinishangaa: baridi yote hiyo, na mtoto mwenyewe hata hajamaliza? Nilikwenda kwa sababu hajamaliza.

Kwa mliopeleka watoto Ujerumani kuna jambo jingine la kufikiria: siku mnayoisubiri huenda isiwepo kabisa. Tarehe 9 Novemba 1967, Chuo Kikuu cha Hamburg, wanafunzi wawili walitangulia mbele ya msafara wa maprofesa waliovaa majoho, wakiwa wameshika bango lililosema kwamba chini ya majoho hayo kuna uvundo wa miaka 1000. Bango lile likawa alama ya kizazi kizima cha wanafunzi waliotaka vyuo vibadilike, na majoho yakaachwa katika vyuo vingi vya Ujerumani ya Magharibi. Vipo vilivyoyarudisha, Bonn ni kimojawapo, lakini kwingi sherehe ni ndogo, ya kitivo tu, na wahitimu wengine hawaendi. Cheti wanakichukua ofisini, au kinawafikia kwa posta. Familia iliyoweka akiba miaka mitatu kwa ajili ya siku moja inaweza kukuta siku hiyo ni glasi ya juisi ukumbini na kupeana mikono.

Lakini hata kule ambako joho lipo na kofia inarushwa juu, bado nitasema hivyo hivyo. Siku ya mahafali mtoto amevaa vizuri, amelala usingizi wa kutosha, kila kitu kimepangwa. Hiyo siyo hali aliyoishi nayo. Simu nayo inaonyesha kile mtoto anachotaka ukione: uso wake na kipande cha ukuta. "Niko poa, baba." Hasemi uongo. Anakulinda tu, kama sisi tulivyowalinda wazazi wetu tulipokuwa shule za bweni, barua zetu zote zikianza kwa "mimi ni mzima wa afya".

Nilichokikuta Dresden kisingeingia kwenye simu. Mwishoni mwa Novemba jua linazama saa kumi jioni, wakati Tanga watu ndio kwanza wametoka kuswali alasiri. Saa kumi na moja ni usiku kamili. Mtoto anatoka chuoni gizani, anapanda tremu gizani, anaingia chumbani gizani, na hivyo hivyo mpaka Februari. Kuna vijana wetu wanaoanza kukosa usingizi au kuulala mchana kutwa, wakapoteza hamu ya kula, na nyumbani tunawaambia wasali zaidi na wasome kwa bidii. Ukishaishi nao ndani ya giza lile siku chache tu, maneno yako yanabadilika. Unaanza kuuliza: unatoka nje mchana kunapokuwa na mwanga? Unakula na nani? Chuoni kwenu kuna mtu wa kuzungumza naye?

Chumba chake kina kitanda, meza, kabati na dirisha moja. Jiko ni la kushirikiana, kila mmoja ana rafu yake kwenye friji. Juu ya meza alikuwa na kalenda ya karatasi, zamu za kazi ameziandika kwa kalamu nyekundu na mitihani kwa bluu, na wino mwekundu ulikuwa mwingi kuliko nilivyodhani. Jumapili maduka yote makubwa yamefungwa, kwa hiyo ndiyo siku yake ya kupika: sufuria moja ya wali, sufuria moja ya maharage, kisha anagawa kwenye makopo matano ya aiskrimu, Jumatatu mpaka Ijumaa. Nilimtazama akipima kwa upawa, kopo moja baada ya jingine, bila kumwaga punje, kama mtu aliyefanya hivyo mwaka mzima. Na kweli alikuwa amefanya mwaka mzima.

Pesa tulizungumza vizuri kwa mara ya kwanza tukiwa pale jikoni. Wazazi wa wanaosoma Ujerumani wanaijua ile akaunti maalumu: ili mtoto apewe viza ya masomo, wengi wetu hulazimika kufungia huko euro 11,904 za mwaka, naye anaruhusiwa kutoa 992 kwa mwezi. Ukiwa Tanga, 992 inasikika kama mshahara wa mkubwa fulani. Ukikaa naye mezani mkaondoa kodi ya chumba, bima ya afya ambayo peke yake inazidi euro 100, mchango wa muhula, chakula na koti la baridi, unaelewa ile kalenda na wino wake. Sheria inamruhusu mwanafunzi kutoka nchi kama yetu kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280. Binti yangu anafanya jikoni kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu za wikiendi. Nilimfuata jioni moja tukarudi pamoja. Mlangoni alikuwapo bibi mmoja kwenye kiti cha magurudumu, akamshika mkono na kumwambia maneno mengi ya Kijerumani. Binti akainama, akamjibu polepole, akamfunga vizuri shali shingoni. Mimi nina mama wa umri ule Pangani. Hakuna cheti kitakachonionyesha mtoto wangu amekuwa mtu wa namna gani kama nilivyoonyeshwa mlangoni pale.

Sasa nizungumze na akina baba wenzangu. Kwetu safari hizi tunawaachia akina mama, sisi tunatuma pesa na kuuliza matokeo. Mama anauliza "umekula?", baba anauliza "umefaulu?", na mtoto anajifunza cha kumwambia kila mmoja. Baba akienda, akakaa kwenye kile chumba kidogo bila la kufanya, mazungumzo mengine yanakuja yenyewe. Mzee mwenzangu, kama nauli inatosha mtu mmoja, msione ni lazima awe mama. Na kama inatosha wawili, bado nashauri mwende kwa zamu, ili mtoto apate kutembelewa mara mbili.

Habari ya begi. Kila mzazi anataka kubeba nyumba nzima, na huko kuna forodha. Umoja wa Ulaya haumruhusu msafiri anayetoka kwetu kuingia na nyama wala vitu vya maziwa, kwa hiyo nyama iliyokaushwa na samli vibaki. Tangu Desemba 2019 matunda na mboga mbichi vinadai cheti cha usalama wa mimea, isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Maembe hayamo, na yatachukuliwa. Samaki wanaruhusiwa mpaka kilo 20 kwa matumizi yako mwenyewe, basi dagaa wanapita. Nilibeba dagaa na nazi. Tulizipika kwenye jiko lile la pamoja, dirisha wazi na baridi inaingia, na harufu ikawaleta wenzake: kijana wa Kihindi wa darasa lake na msichana wa Kivietnamu wa chumba cha pili. Dresden ina Wavietnamu wa siku nyingi, wengi wao familia za wale waliokuja kama wafanyakazi wa mkataba enzi za Ujerumani Mashariki, na ni msichana huyo aliyemwonyesha binti yangu duka lenye mihogo. Mwaka mzima nilikuwa nasikia "niko na marafiki". Sasa nina sura zao na majina yao, na namba ya simu ya mmoja wao, itakayonifaa siku binti asipopokea simu.

Najua mtakaloniambia kuhusu gharama. Tiketi inakula milioni kadhaa, sikatai. Ila Novemba au Februari nauli huwa nafuu kuliko Julai au Krismasi, na katikati ya muhula hamhitaji hoteli ya kulaza ukoo. Viza ya Schengen, ile ya kutembelea nchi nyingi za Ulaya, Ujerumani ikiwamo, kwa mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi hata ukinyimwa. Bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, wala yasichelewe mpaka siku 15 za mwisho. Mtu anayeishi Ujerumani anaweza kukuwekea saini ya udhamini kwenye ofisi ya wageni ya mji wake, lakini mwanafunzi kwa kawaida hana kipato cha kukubalika, kwa hiyo andaa ushahidi wako mwenyewe: taarifa za benki, barua ya mwajiri au leseni ya biashara, hati ya nyumba. Wanachotaka kuona ni kwamba utarudi. Inauma, mtu mwenye wajukuu na shamba lake kutakiwa athibitishe kwamba hatakimbia nyumbani kwake, na sitaacha kusema kwamba inauma. Lakini msiache kwenda kwa sababu hiyo.

Wengine wanahofia kumsumbua mtoto na masomo yake. Basi usimsumbue. Akienda kwenye vipindi, baki, fagia, pika, tembea kando ya mto Elbe mpaka arudi. Usibebe orodha ya simu na viatu vya ndugu ili akutembeze madukani. Usimuulize habari ya ndoa. Kama chumba ni kichafu, kioshe bila hotuba.

Nanyi mnaosoma huko, acheni kutuambia tusije mpaka mmalize. Hatuji kukagua kama pesa zetu zimetumika vizuri. Hatutaki miaka hii ipite bila sisi kujua mliishi vipi, kwa sababu mkimaliza mtapata kazi, mtaoa na kuolewa, na huu ujana wenu wa makopo ya aiskrimu hautarudi tena.

Mama yake anakwenda Mei. Mihadhara ya muhula wa kiangazi inaanza Aprili na kuendelea mpaka Julai, kwa hiyo atamkuta mtoto akiwa kazini kweli kweli, safari hii kwenye mwanga. Karatasi za benki tumeshazikusanya, na dagaa wa Kigoma wameagizwa.