Mama Mkwe Afe Kabla ya Maulidi

Mfungo sita ukiingia, nyumba za Lamu hazina nafasi. Wageni wa Maulidi huvuka kutoka Mokowe boti kwa boti, na kila mmoja ana jamaa wa kumfikia. Kwetu walifikia mama mkwe wangu, shangazi zake mke wangu, na mabinamu ambao mpaka leo sijaelewa tunahusiana kwa upande upi.

Asubuhi hiyo mke wangu aliichukua simu yangu akaiunga na spika ya blututhi iliyokuwa uani, wapate kupika kwa kaswida. Alipomaliza kuipanga akanirudishia simu. Spika hakuitenganisha. Nalisema hili mapema ili lawama ijue pa kwenda.

Mimi nilikuwa na yangu. Mswada wa riwaya yangu nilikuwa nimeupeleka Nairobi kwa mhariri, mama mmoja mwenye sifa ya kusoma bila huruma. Nilikuwa nimemlipa nusu, na nusu ya pili angeipata kazi ikiisha, kama ilivyo desturi ya wahariri wengi wa kujitegemea. Kabla ya kuniandikia ripoti kamili aliniahidi ujumbe wa sauti wa kunidokezea yale mazito, nisije nikaanguka siku ya kuziona kurasa zenyewe.

Ujumbe ukaingia alasiri. Nikatoka nje, nikaketi dakani, nikabonyeza, nikaweka simu sikioni. Kimya. Nikasema ni mtandao wetu tu huu. Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Kwa mbali, nyuma ya zile kuta nene za mawe, nikasikia mwanamke ananguruma uani, nikadhani wameacha kaswida wamehamia redio. Punda wa mchanga wakapita, mwenyewe akiwapigia kelele, sikusikia tena hata hiyo redio. Nikaurudisha ujumbe mwanzo, nikabonyeza tena.

Huko uani, kwa maelezo ya mashahidi, kaswida ilikatika wakati wanakaanga kaimati. Mwanzoni hakuna aliyesikiliza, mafuta yanalia na watu wanazungumza. Waliponyamaza, mhariri wangu alikuwa amefika hapa:

“… kwa hivyo huyu mama mkwe nimemvumilia, lakini ni mzigo. Anakula, analala, anasema, na hakuna anachosogeza. Nakushauri afe. Afe mapema, kabla ya Maulidi. Sumu usitumie, sumu imechosha watu. Mzamishe baharini, ionekane ni ajali. Na mke naye sioni kazi yake, hata ukimwondoa hakuna atakayeuliza. Ile nyumba ya Shela usimwachie. Mpe yule msichana wa Mombasa, ndiye mwenye uhai. Tukikubaliana niambie, nimalize kazi yangu, halafu unitumie zile pesa zilizobaki.”

Wakaisikia mara mbili, ya pili sauti ikiwa juu kabisa. Nimeambiwa shangazi mmoja alibaki ameshika kijiko cha matundu hewani, mafuta yanamdondokea kwenye leso, na kaimati zote zilizokuwa karaini zikaungua kwa kukosa wa kuzigeuza.

Mimi nikakata tamaa na mtandao, nikaingia ndani na furaha zangu. Nikawakuta wamesimama. Mama mkwe peke yake ndiye aliyeketi, uso umemkauka, nikadhani ni moto wa jikoni. Mkwe mwenye adabu hufanya nini akimwona mama mkwe wake amechoka? Nikamwambia, “Mama, umefanya kazi sana leo. Kesho asubuhi nitakupeleka Shela kwa mashua, mimi na wewe tu, ukapunge upepo.”

Shangazi mwenye kijiko akasema, “Innalillahi.”

Nikaona labda hali ya hewa si nzuri. Nikamtilia mama mkwe gilasi ya maji ya ukwaju, nikampa kwa mikono miwili. Akaipokea, akainama, akammiminia paka chini, kisha akaketi kumwangalia paka. Wote wakawa wanamwangalia paka. Paka wa Lamu hana analolikataa, lakini ukwaju kumbe anaukataa. Akanusa, akageuka, akaenda zake. Kwa baraza lile la wanawake, kesi ilikuwa imekwisha.

Baada ya sala ya isha nikaitwa barazani kwa mjomba wake mke wangu, nahodha aliyezeekea chomboni. Pembeni yake vijana wawili wenye vifua, ambao siku zote hunisalimia na siku hiyo hawakunisalimia. Nyuma ya pazia la mlangoni nikaona vivuli vya miguu mingi.

“Nani huyu mwanamke wa Nairobi?”

“Mhariri, mjomba.”

“Wa gazeti?”

“Wa riwaya. Nimeandika kitabu.”

“Naye ataka pesa za nini?”

“Za kukisoma na kunambia kasoro zake.”

Mjomba akawatazama wale vijana, akanirudia. “Wamlipa mtu akwambie kitabu chako kibaya? Ungekuja kwangu, mwanangu, ningekwambia bure.”

Nikajieleza. Nikasema wahariri si wa namna moja. Yuko wa prufu, wa nukta na herufi zilizoruka, huyo huja mwisho kabisa. Yuko wa lugha, anayepita sentensi baada ya sentensi. Na yuko huyu anayetangulia, anayepima kisa kizima: nani anahitajika, nani hana kazi, msomaji atasinzia wapi. Ukimwanzia wa nukta umepaka chokaa ukuta ambao kesho utabomolewa.

“Na asiyehitajika ni mama mkwe,” ikasema sauti nyuma ya pazia.

“Wa kitabuni, mama! Si wewe!”

“Ana jino la dhahabu?”

Nikanyamaza.

“La kushoto?”

Kijana mmoja akakohoa. Mjomba akaamuru kitabu kiletwe kisomwe pale pale. Nikaleta kompyuta, nikasoma sura ya pili, ambamo mhusika wangu mkuu anaondoka Lamu na jahazi la boriti kwenda Pate, siku ya kumi na tano ya mwezi mwandamo, saa tano ya mchana, tanga limejaa upepo na moyo umejaa huzuni. Hapo napapenda sana. Nilipapiga msasa kwa miezi.

“Simama,” mjomba akasema. “Apita wapi?”

“Mkanda.”

“Mwezi kumi na tano? Saa tano?”

“Naam.”

“Mai yamekupwa! Hapo Mkanda ni tope na mikoko. Wataka kupita nalo vipi jahazi la boriti, wamelichukua mabegani?”

Baraza ikaangua kicheko, hata wale wenye vifua. Na mzee ana haki. Ule mlango kati ya Manda na bara chombo hupita maji yakiwa yamejaa, na siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, saa tano ya mchana maji yako mbali. Barua ya mhariri ilipofika baadaye, kurasa na kurasa, alikuwa amegundua kwamba naeleza milango ya nakshi sura nzima kabla mtu hajafungua hata mmoja, kwamba fundi wangu wa mashua wa Matondoni anazungumza kama msoma taarifa ya habari, na kwamba katika aya moja naingia kichwani mwa bwana, mwa mkewe, na mwa punda. Kuhusu punda sikuwa na la kujitetea. Lakini jahazi langu alilipitisha Mkanda bila neno, hata alama ya kuuliza pembeni hakutia.

Mama mkwe alikuwa ameshatoka nyuma ya pazia, amejipatia kiti. Akataka asomewe kila mahali alipo. Nikamsomea. Akasema mtu mwenye akili hatii iliki nyingi namna ile katika mahamri, na kwamba maneno yake yote ni mafupi mno. Kuhusu kufa, akasema haiwezekani, ana wajukuu.

Nikamwandikia mhariri usiku ule ule kwamba kwa sababu za kifamilia mama mkwe hafi. Akajibu pale pale, maandishi safari hii, nikasoma kwa sauti: “Sawa, lakini sura ya sita inahitaji kifo. Nani basi?”

“Nahodha,” mama mkwe akasema, bila kufikiri. “Ana mdomo.”

Mjomba akaweka chini kikombe chake cha kahawa, akanikazia macho.

“Nife, haidhuru. Lakini unizamishe mai yamejaa. Watu wa Matondoni wakisikia nimekufa Mkanda mai ya kupwa, nitapita wapi mimi?”