Papasa Ukuta Kabla Hujawasha Mashine

Masika yakiisha, hapa kwetu Pangani kelele za mashine ya presha zinaanza. Ni ileile ya kuoshea magari, safari hii inaelekezwa ukutani. Wengi wanaosha kwa sababu jirani kaosha. Mimi nasema aulizwe ukuta.

Kuuliza kwenyewe ni kupitisha kiganja tu. Kikiteleza na kurudi na utando wa kijani, unyevu ndio uliouotesha, hasa upande usiopigwa jua au chini ya mfereji wa bati unaovuja. Osha, ila ziba mfereji kwanza, la sivyo vuli zikipita utarudia kazi. Kikirudi na unga kama wa chaki, rangi imechoka. Presha itaibandua, basi ngoja mpaka uwe na hela ya kupaka upya. Ukikuta chumvi nyeupe imechanua karibu na msingi, usiwashe mashine kabisa. Maji yanapanda kutoka ardhini na yakikauka yanaacha chumvi yake. Kuumwagia ukuta huo maji mengine ni kumtibu mlevi kwa pombe.

Haya nimejifunza kwa hasara. Nyumba ya bibi ni ya mawe ya matumbawe na chokaa. Kijana wa mashine alifunga ile ncha inayotoa maji membamba kama sindano, akaisogeza karibu shubiri moja. Weusi ulitoka kweli. Lipu nayo ikatoka, pande la ukubwa wa sinia ya pilau, mpaka jiwe likatuchungulia na vitundu vyake. Simlaumu sana, maana aliyekuwa anasema "kaza hapo" ni mimi. Chokaa ni laini. Inataka brashi na maji ya ndoo.

Pevingi za uani zinavumilia, ila mchanga wa katikati huruka, kwa hiyo uwe na kiroba cha kurudishia. Paa la zamani la asbesto usiliguse hata kidogo: presha inatawanya nyuzi zake hewani, na ukizivuta zinaweza kukuletea saratani ya mapafu.

Mimi huosha Juni, kusi likivuma, ukuta ukauke siku kadhaa kabla ya rangi. Mwaka huu nimeosha pevingi na ukuta wa uzio basi. Kwa bibi, fundi ametia kiraka cha chokaa. Kinang'aa peke yake katikati ya ukuta mweusi, na nimekiacha hivyohivyo.